Kuanza Nyumba kwa Viti vya Watu Wengine



Kama wewe na mchumba wako mnatazamia kufunga ndoa karibuni, bila shaka mmekwisha kuketi na kalamu na karatasi kuandika vitu vya kununua: kitanda cha nne kwa sita, godoro, meza, kabati la vyombo, na sofa seti ya kuwakalisha wageni. Mlipomaliza kujumlisha mkatazamana kimya. Wengine wakifika hapo huahirisha harusi mwaka hadi mwaka. Wengine hukopa, na huanza maisha wakilipia kochi ambalo sponji yake itabonyea kabla deni halijaisha. Wengine hutafuta vitu vilivyokwisha kutumiwa na watu wengine. Leo tuzungumze juu ya hawa wa mwisho, kwa maana njia yao ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini ina ugomvi wake ndani ya nyumba, na ugomvi huo hausemwi hadharani.

Tutaanzia Parklands hapa Nairobi. Ukipita barabara za mtaa huo siku za mwisho wa mwezi, kutoka upande wa soko la City Park hadi Highridge, hukosi kuona pikapu au mkokoteni ukipakiwa kabati, meza au kitanda mbele ya geti. Watu wanahama, na vitu vyao vinatafuta kwa kwenda. Vingine vinauzwa, vingine anapewa yaya, mtunza bustani au askari wa mlangoni, na vingine vinaachwa tu ukutani vikingoja mvua.

Mtaa huu una historia ya vitu vinavyobaki nyuma. Reli kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896, Waingereza walileta zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki, na miongoni mwao walikuwamo maseremala wa Punjab, wale ambao wananchi huwaita Makalasinga. Ufundi wao wa mbao ulienea mjini. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1963, Parklands na Ngara ilikuwa tayari mitaa ya familia nyingi za Kihindi. Kisha mwaka wa 1967 serikali ya Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wakazi wasiokuwa raia, nayo Uingereza ikajitayarisha kuwafungia mlango wenye pasipoti zake. Maelfu ya watu walikimbilia ndege kabla ya sheria ya Uingereza kupitishwa tarehe 1 Machi 1968. Anayeondoka kwa ndege habebi kabati.

Siku hizi kuhama kumekuwa kwa namna nyingine. Nyumba nyingi za zamani za Parklands, zile za mawe zenye bustani, zimebomolewa na mahali pake pamesimama magorofa. Mzee anayetoka katika nyumba ya vyumba vitano kwenda kuishi ghorofa ya saba hana pa kuweka meza ya watu kumi na wawili. Tena wako wageni wanaofanya kazi katika mashirika ya kimataifa, ambao hukaa miaka miwili mitatu kisha huenda nchi nyingine. Wote hao huacha vitu.

Kwa upande mwingine, mbao mpya si rahisi kupata. Mnamo Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ilikuwa Julai 2023 ndipo Rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo. Miti mikubwa kama mvule, ambayo ilitumiwa zamani bila kufikiri, leo huipati ovyo kwa fundi wa kando ya barabara. Basi meza ya mvule yenye mikwaruzo, iliyotupwa nyuma ya karakana ya magari huko Parklands, huenda ikawa na mbao bora kuliko sofa seti mpya inayong'aa dukani.

Mpaka hapa, mambo ni mepesi. Ugumu huanza jioni, kitu kinapofika nyumbani.

Neno kwa mume

Chukua mfano wa mume na mke wanaoishi Kangemi katika chumba cha futi 10 kwa 10. Mke anafanya kazi za nyumbani Parklands. Tajiri wake anahama, na anamwambia, "Haya makochi chukua wewe, mimi siendi nayo." Mke anafurahi. Anatafuta mkokoteni, anatembea nyuma yake njia nzima kama mtu anayesindikiza maharusi. Anafika saa kumi na mbili, watoto wa jirani wanakimbilia kutazama, na mume yuko mlangoni. Mume anasaidia kuingiza viti bila kusema neno. Anakula kimya. Siku ya tatu ndipo anapofungua kinywa: "Kwa hiyo sasa mimi nakalia viti vya tajiri wako."

Ndugu mume, hebu tuongee wazi. Uchungu ulio nao ni wa kweli, wala hatutauchekelea. Ulilelewa ukiambiwa kwamba mwanamume ndiye anayejaza nyumba. Umekaa miaka minne kwenye stuli ya plastiki ukisema utanunua viti, na kabla hujanunua vimeingia kwa mkono wa mwingine. Tena majirani walijua kabla yako. Hayo yote yanauma. Lakini mwangalie aliyevileta. Mkeo angeweza kumwomba tajiri wake nauli ya kwenda kwao, au angeuza makochi yale palepale getini na kuficha pesa. Hakufanya hivyo, jambo la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa nyumba yenu. Ukimjibu kwa kimya cha siku tatu, atajifunza kitu, na atakachojifunza ni kutokuletea habari tena.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kukalia kiti cha aliyekutangulia hakujawa aibu katika nchi yetu tangu zamani. Kule Lamu, mwenye nyumba alimkalisha mgeni wa heshima katika kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha mbao nyeusi chenye nakshi ya pembe, na kilikuwa na thamani zaidi kadiri kilivyorithiwa. Utakiona hadi leo katika jumba la makumbusho la mji huo. Hata bara, kigoda cha mzee hakikuchomwa moto alipokufa. Fikira kwamba nyumba ya heshima ni ile yenye viti ambavyo bado vina karatasi ya nailoni ya dukani imetufikia juzi tu, pamoja na matangazo ya biashara.

Neno kwa mke

Nawe dada, kabla ya kuita mkokoteni, piga simu. Simu ya dakika moja ingebadilisha jioni ile yote. "Baba watoto, nimepewa makochi, unaonaje? Yataingia?" Hapo mume angekuja hata hadi kona ya barabara kuusukuma mkokoteni, na majirani wangewaona wawili wakileta kitu chao. Furaha ya kumshtukiza mwenzako ni nzuri kwa zawadi ndogo, kama leso au viatu. Kitu kinachochukua robo ya nyumba si cha kushtukiziana.

Haya yanageuka vilevile mume anapokuwa ndiye mleta vitu. Wako wanaume, hasa askari wa mageti, madereva na wafanyakazi wa ujenzi, ambao hawawezi kupita kitu kilichotupwa. Leo analeta mlango wa kabati bila kabati, kesho kiti cha miguu mitatu, na vyote vinawekwa nyuma ya mlango vikisubiri siku ya kutengenezwa. Mume huona bei aliyookoa. Mke huona mahali pa kupikia pamepungua, na ndiye anayefuta vumbi la vitu vile asubuhi na jioni. Dawa yake si kugombana kila jioni. Kubalianeni neno moja: kitu kisichokuwa na kazi yake wala siku ya kutengenezwa ndani ya mwezi mmoja kinarudi kilikotoka au anapewa mwingine.

Usiku wa leo, mkiwa mmemaliza kula, jaribuni kuulizana: ni kitu gani kimoja humu ndani ambacho mwenzangu hakukitaka, na hakuwahi kuniambia? Msikilizane mpaka mwisho. Mtashangaa kusikia kwamba kabati lililoletwa na mama mkwe miaka sita iliyopita bado linasumbua moyo wa mtu.

Nao wakwe wakija, mkaulizwa mmevipata wapi viti hivi? Semeni ukweli, na mseme kwa sauti moja. Tumesikia wanandoa waliowaambia wageni kwamba walinunua Ngong Road kwa mafundi wa kando ya barabara, na mtoto wao wa miaka mitano akawasahihisha mbele ya watu wote. "Tulipewa, tukatengeneza wenyewe" ni jibu linalotosha. Mkitaka, tandikeni vitambaa vyenu vya kufuma juu yake. Kitambaa cha mkono wako mwenyewe hufanya kiti kiwe chenu upesi kuliko rangi mpya.

Zawadi na mshahara ni mambo mawili

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wafanyakazi wengi wa nyumbani hawaambiwi. Tajiri anapohama, wakati mwingine hutoa kochi na friji ya zamani, akasema hayo ndiyo malipo ya mwezi wa mwisho. Si halali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mshahara ulipwe kwa pesa za Kenya, mkononi, kwenye benki au kwa hundi. Kochi ni zawadi. Mshahara ni haki yako, na cha kwanza hakifuti cha pili. Pokea zawadi kwa shukrani, kisha uulize kwa upole, "Na hesabu yangu ya mwezi huu, mama?" Mume au mke wa mfanyakazi anapaswa kujua hili pia, ili asimsukume mwenzake kukubali vitu mahali pa pesa za karo.

Tena, usitoe kitu getini bila barua. Mwombe anayekupa aandike karatasi fupi: jina lake, jina lako, vitu alivyokupa, tarehe na sahihi. Askari wa geti ataitaka, na polisi wakikusimamisha barabarani usiku na pikapu iliyojaa vyombo vya nyumba wataitaka pia. Ukinunua kwa mtu usiyemjua, uwe mwangalifu zaidi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba anayepokea kitu cha wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba kimeibwa, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mtu anayekuuzia seti nzima ya meza na viti saa tatu usiku kwa bei ya kuku, na hataki umwone anakoishi, amekwisha kukupa sababu hiyo ya kuamini.

Jinsi ya kuchagua

Nendeni wawili, mchana, na mwende na futi ya kupimia. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Kitanda cha nne kwa sita kinakula 24. Kochi la watu watatu lenye urefu wa futi sita u nusu na upana wa futi tatu linakula karibu 20 nyingine. Bado jiko, maji, kabati na mahali pa watoto kusimama. Pimeni mlango pia, na kona ya ngazi. Makochi ya Parklands yalitengenezwa kwa sebule za Parklands, na si mara moja kochi limelala nje ya mlango huku wenyewe wakitafuta msumeno.

Kitu kikiwa mbele yenu, kigeuzeni juu chini. Upande wa chini hausemi uongo. Mbao halisi ina uzito, na mistari yake huonekana hata ukingoni. Ile ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ambayo mafundi huiita chipbodi, huvimba ikipata maji na haishiki skrubu mara ya pili. Ikiwa imevimba pembeni, iacheni hata kama ni ya bure. Angalieni viungo. Kiti cha fundi wa zamani kimeunganishwa kwa ulimi wa mbao uliozama ndani ya tundu, hivyo kikilegea kinafunguliwa, kinatiwa gundi na kubanwa, na kinasimama tena miaka mingine ishirini. Kiti kilichoshikwa na misumari mitupu kikilegea kimelegea. Mkiona vitobo vidogo vya mviringo na unga laini sakafuni chini yake, wadudu bado wanakula humo.

Kisha kuna kunguni, na hawa ndio sababu ya watu wengi kuapa kwamba hawatagusa tena kitu kilichotumika. Kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo usidanganyike na kochi lililokaa stoo muda mrefu. Chukueni tochi mwangalie mishono ya kitambaa, chini ya sponji, na ndani ya matundu ya skrubu za kitanda: madoa meusi kama ya wino, maganda mepesi, na wadudu wenyewe. Kitanda cha mbao tupu kinaweza kufunguliwa chote na kumwagiwa maji yanayochemka katika kila kiungo. Kochi lenye dalili hizo msiliingize ndani hata kwa usiku mmoja. Ama godoro lililotumika, ushauri wetu ni mfupi: liacheni. Nunueni godoro jipya dogo, na fremu kuukuu nzuri.

Jambo lingine ni rangi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kama kabati lina tabaka za rangi zinazobambuka, lisipigwe msasa mkavu ndani ya chumba mnamolala. Lifanyiwe kazi nje, kwa msasa uliolowa maji, fundi akiwa amefunika pua na mdomo, watoto wakiwa mbali, na takataka zikusanywe zote. Mwanamke mwenye mimba asiifanye kazi hii, hata kama ndiye anayetayarisha chumba cha mtoto kwa hamu.

Na tukiwa kwa mtoto: wageni wanaohama mara nyingi huacha vitanda vya watoto wachanga. Vile ambavyo ubavu wake mmoja hupanda na kuteremka, tafadhali msivipokee. Marekani ilipiga marufuku kuviuza mwaka wa 2011 kwa sababu ubavu ulikuwa ukichomoka na watoto wakabanwa na kufa. Hata katika vitanda vingine, nafasi kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 6. Kabati refu nalo lifungwe ukutani kwa skrubu, maana mtoto anayejifunza kupanda huvuta droo moja moja kama ngazi.

Mwishowe pigeni hesabu kabla ya kusema ndiyo: bei, mkokoteni au pikapu, fundi, gundi na vanishi, sponji na kitambaa kipya. Kubadilisha sponji na kitambaa cha seti nzima kunaweza kugharimu zaidi ya makochi yenyewe. Ndiyo sababu meza, vitanda, makabati na viti vya mbao tupu huwafaa zaidi wanaoanza kuliko makochi. Kwa upande wa fundi, afadhali mpeleke kitu kimoja kimoja, mlipe kikimalizika, kuliko kumwachia vitu vitano na malipo ya kwanza ya kazi yote. Mafundi wetu ni hodari, lakini wana wateja wengi.

Siku moja huenda nanyi mkapata nafuu na kutaka kukiuza kitu hicho. Hapo pia kuna ugomvi unaongoja, kwa sababu aliyekileta hudhani ni chake. Sheria ya Kenya ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu vyombo vya nyumba ya ndoa kuwa mali ya ndoa, na katika ndoa ya mke mmoja mali hiyo haiuzwi wala kutolewa zawadi bila ridhaa ya wote wawili. Sheria hiyohiyo inatambua kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango, sawa na vile inavyotambua pesa. Kwa hiyo aliyeipangusa na kuitunza meza miaka kumi naye ana fungu lake ndani yake. Basi hata ikiwa ni meza iliyotolewa bure getini Parklands, na fundi ameiona ni mvule akataja bei nzuri, mjibu kwanza kwamba utarudi kesho, baada ya kuongea na mwenzako.